Kiputo Kilichokaa Katikati

Ndimu ilimponyoka Bi Kazija mkononi, ikaanguka sakafuni, ikaondoka zake kuelekea pembe ya mashariki. Hakuna aliyeisukuma. Ilipita chini ya kitanda, ikagusa mguu wa kabati, ikafika pale pembeni ilipozoea kufika, ikatulia na mwenziwe wa jana. Nje ya mlango, mwanawe Ngwali aliisikia safari nzima. Alikuwa ametega sikio kwenye ufa wa ukuta, wenye upana wa kiganja, na sauti ile aliijua tangu hajaota meno.

"Imekwenda tena," mama yake alisema kule ndani.

"Nimeisikia."

"Mkono hauna nguvu, kichwa hakitulii. Niambie kweli, mwanangu. Ni sakafu au ni mimi?"

Swali hilo alikuwa akiulizwa tangu lini? Ngwali alikuwa mtu mzima mwenye mvi, fundi aliyeheshimiwa Nyumba nzima. Lakini kila alipoulizwa alijiona ana miaka saba, amekaa mkekani, na anayejibu si yeye, ni marehemu baba yake Vuai, mwenye vidole vilevile na sauti ileile ya puani. Wakati mwingine mama mwenyewe alikosea akamwita Vuai, naye akaitika, maana kusahihisha kulimchosha. Jibu lilikuwa moja, la baba na la mtoto.

"Ni umri, mama. Kunywa dawa."

Akasikia kijiko kikigonga mdomo wa chupa.

Siku hiyo ilikuwa ya tatu tangu mlango ugome. Bi Kazija alikuwa ndani, mlango umefungika bila kufungwa na mtu, na mwanawe, fundi wa mafundi, alikuwa nje anamkabidhi uji kwa kupitia ufa. Habari yenyewe ni hiyo tu. Mengine yote nitakayoyasema ni maelezo ya jinsi jambo dogo namna hiyo, kumtoa bibi mmoja chumbani mwake, lilivyoweza kushindikana katika nyumba yenye mafundi wengi kuliko vyoo.

Nyumba haikuwa na jina, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya kuitofautisha nayo. Watu walizaliwa humo, wakaoana humo, wakazikana chini ya ngazi. Miaka waliihesabu kwa mikono ya chokaa. Kila mwaka, Siku ya Kunyoosha, kuta zote zilipakwa mkono mmoja mpya, na mtu akiulizwa kazaliwa lini alikwangua ukuta kwa kucha akaonyesha tabaka lake. Waliokufa nao walikuwa humo ukutani, nyeupe chini ya nyeupe. Nani aliijenga? Haikujulikana. Ilisimama juu ya nini? Hilo hata kuuliza haikuwa adabu. Mtoto akiuliza alipigwa kibao cha mdomo, kidogo tu, cha mapenzi, na akikua alimpiga mwanawe.

Badala ya swali walikuwa na desturi. Chai haikujazwa kikombe. Ilitiwa robo tatu, na aliyejaza alionekana hakulelewa. Fundi viatu alishona soli ya kushoto nene kuliko ya kulia, na hakuna aliyemwuliza sababu, maana babu yake naye alishona hivyo. Mtu alilala kichwa magharibi. Mgeni wa chumba hakukaa upande wa mashariki mpaka akaribishwe mara tatu. Ukitazama vizuri, lakini nani alitazama vizuri, kila adabu ya Nyumba ile iliota juu ya mteremko, na watu waliuishi mteremko huo mchana na usiku wakiuita malezi mema.

Ngwali alijua. Hapa ndipo ninapomkasirikia, na nitamkasirikia hadi mwisho, ingawa nampenda. Fundi mwenye macho hawezi kupita asione. Aliona ufa unaopanda pembeni kwa kufuata maungio ya matofali, hatua kwa hatua, kama ngazi ya panya. Ufa wa lipu hauendi hivyo, huo unatoka msingini. Aliona dari imeachana na ukuta kiasi cha kupitisha kidole. Aliona madirisha yanayofungika juu yakabaki wazi chini. Alipovigonga vigae kwa fundo la kidole viliitika kwa sauti ya mtungi mtupu. Maji ya mvua yalilala chini ya ukuta wa mashariki wiki nzima bila kupata pa kwenda. Na dirisha la mama yake, lile ambalo utotoni alilirukia kutoka nje akashindwa kuligusa, sasa lilitazama udongo. Kilichobaki ni utepe wa mwanga huko juu, wa kutosha kusomea karatasi ya dawa. Udongo haukupanda. Udongo haujui kupanda. Aliyaona yote hayo, na kazi yake ilikuwa kuyafanya yasionekane.

Maana Ngwali alikuwa Mnyooshaji, kama baba yake.

Pima maji mnaijua: ubao mwembamba wenye mrija wa kioo, na ndani ya mrija maji na kiputo kimoja cha hewa. Kiputo kikikaa katikati, mahali pamelala sawa. Kikikimbilia upande, hapako sawa. Kila chumba cha Nyumba kilikuwa na pima maji yake, imetundikwa nje, karibu na mlango, na Siku ya Kunyoosha zote zilipandishwa Ukumbini zikalazwa juu ya Sakafu Kuu. Sasa nisikilizeni vizuri. Sakafu Kuu ndiyo ilikuwa usawa wenyewe. Kiapo cha Nyumba kilianza kwa maneno hayo. Kwa hiyo pima maji ikilazwa pale na kiputo kikakimbia, aliyekosea ni nani? Ni pima maji. Ngwali alitoa bisibisi yake ndogo, akalegeza skrubu mbili, akaupandisha mrija upande mmoja kiasi cha unywele, kiputo kikarudi katikati. Akakaza. Akadondosha lakiri nyekundu juu ya skrubu, akagonga muhuri wake. Pima maji mia tatu kwa asubuhi moja. Mwaka uliofuata zote zilikuwa zimekosea tena, kidogo, upande uleule, naye akazinyoosha tena. Watu walisikitika jinsi vyombo vya siku hizi visivyodumu.

Kipimo kinapimwa na nini. Na hicho nacho. Na hicho. Alipokuwa kijana maswali haya yalimjia akiwa amepiga magoti, bisibisi mkononi, naye akayaacha yapite juu ya mgongo wake. Ukiyafuata unafika mahali hapana sakafu. Nani anataka kufika huko kabla ya chakula cha mchana?

Siku ya tatu ya mlango ndiyo hiyohiyo Siku ya Kunyoosha. Asubuhi alikuwa amekwisha kunyoosha zote mia tatu, mama yake yuko ndani. Kazi ni kazi, alijiambia, na mikono ilikwenda yenyewe. Sasa jua lilikuwa limepanda. Mwisho wa korido wapaka chokaa walikuwa wameanza, ndoo zao zikiburutwa kutoka mlango hadi mlango. Walikuja wakiziba kila ufa kwa lipu kwanza, ndipo wapake, kwa sababu sheria ya siku hiyo ilikuwa jua lisitue kukiwa na ufa ulio wazi ndani ya Nyumba. Ngwali alihesabu milango. Ilibaki tisa kabla ya kufika hapa.

Pandu seremala alikuja na randa kwapani. Alikuwa jirani wa korido hiyo, na maisha yake yote aliyamaliza kuipiga randa milango inayogoma: mlango ukikwama alipunguza mbao, ukikwama tena alipunguza tena. Aliutazama mlango wa Bi Kazija juu na chini, akaiweka randa sakafuni.

"Huu nimeupiga randa mara kumi na moja, Ngwali. Ya kumi na mbili haipo. Sina mbao ya kupunguza." Akapitisha kiganja juu ya fremu, mpaka kwenye linta, boriti inayobeba ukuta juu ya mlango. "Na tena haujabanwa ubavuni. Umekaliwa."

"Najua."

"Linta imeshuka yote kwa pamoja, imeukalia mlango. Ukiuvunja, ndio nguzo iliyobaki. Ukuta unakuja. Na juu ya ukuta kuna nini?"

Juu ya chumba cha Bi Kazija kulikuwa na Ukumbi. Wote wawili waliinua macho, wakayashusha.

"Tungechimba kule dirishani," Pandu alijaribu.

"Kuchimba kando ya ukuta unaozama ni kuuita uje. Hapa pana njia moja, mirunda. Miti kumi na miwili na watu wanne. Tunaiegemeza linta kwanza, tunautoa mlango taratibu, mama anatoka na miguu yake."

"Mirunda anayo Msimamizi. Na Msimamizi hatoi mpaka pima maji ishuhudie kwamba fremu imepinda. Ndiyo sheria." Pandu hakusema kwa ubaya, hakuwa mtu wa ubaya. Alichomoa pima maji yake mfukoni, iliyonyooshwa asubuhi ileile, lakiri bado inanuka, akapanda kigoda akailaza kwenye ukingo wa linta. Wakatazama pamoja. Chumba na Ukumbi vilikuwa vikishuka pembe moja kwa mwendo mmoja, na kiputo kilichonyooshwa juu kilikuwa na adabu zake hata huku chini. Kilikaa katikati, tuli.

"Imenyooka," Pandu alisema, na kweli alisikitika.

Ngwali aliitazama lakiri. Muhuri ulikuwa wake, umekaa vizuri, hata ukingo haukuvuja.

Akajisikia haya ya ajabu. Haikuwa ya kukosea, maana hakuwa amekosea. Kazi yake ilikuwa safi. Alimwinamia mama yake ufani akamwambia anapanda Ukumbini, atarudi na mirunda. Mkono wa Bi Kazija ukatokeza, mwembamba, ukampa ndimu.

"Chukua, koo linakauka mtu akisema na wakubwa. Na usiwabishie, baba. Baba yako hakuwabishia."

Ukumbi ulikuwa mweupe mpaka macho yaliuma. Kwenye pembe ya mashariki kilisimama kiti cha Msimamizi wa Sakafu, Bwana Faki, na kiti hicho hakikuhamishwa tangu chokaa ya kwanza. Kitu chochote kilichodondoka Ukumbini, kishikizo, ushanga, pipi ya mtoto, kilibingirika chenyewe mpaka miguuni pake, na kanuni ilikuwa kwamba kilichofika kitini ni cha kiti. Watu waliona baraka katika hilo. Vitu vinamjua mwenyewe, walisema. Pembeni mwake walikaa wazee wanne wa kamati, wameegemea wote upande mmoja bila kujijua.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi."

"Marahaba, Ngwali. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila hatoki. Mlango umekaliwa."

"Nimesikia, na nimeumia. Pima maji inasemaje?"

Ngwali alitoa uzi wa kazi mfukoni, akaifunga ile ndimu, akaunyoosha mkono akaiacha ining'inie. Hiyo ndiyo timazi, na timazi haina skrubu. Ndimu ilizunguka, ikatulia. Wazee wanne walilaza vichwa kwenye mabega kuitazama.

"Uzi umepinda," alisema mmoja.

"Uzi wenye uzito haupindi, mzee wangu. Tumepinda sisi."

Wakacheka, si kwa dharau, kwa huruma, jinsi mtu anavyomcheka mfiwa anayesema ovyo. Bwana Faki peke yake hakucheka. Aliwaambia wazee chakula kimeshapakuliwa, waende wakanawe, na walipotoka alimwashiria Ngwali asogee.

"Sema."

"Pima maji zote nazipinda mimi," Ngwali alisema. "Mikono thelathini ya chokaa. Hii Sakafu ndiyo inayokwenda, na mimi kila mwaka navivuta vyombo viifuate. Msingi umekufa. Nimeona kila dalili, na nimenyamaza."

Alidhani akiisema, kitu kitatokea. Dari itapasuka, au mtu atapiga kelele, au yeye mwenyewe atakuwa mtu mwingine. Bwana Faki alikuwa anarekebisha shuka lake begani.

"Najua," alisema.

Ngwali akabaki na uzi mkononi.

"Na Vuai alijua. Alisimama hapo uliposimama, siku kama hii, na ndimu kama hiyo. Mama yake alikuwa kwenye chumba kilichokuwa chini ya kile cha mama yako."

"Chini ya cha mama yangu hakuna chumba."

"Sasa hakuna."

Ngwali aliutazama mkono wake ulioshika uzi na kwa kitambo hakujua ni wa nani. Alikumbuka kupanda ngazi hizi, lakini alikumbuka akiwa na miguu michanga zaidi, na sababu ya kupanda ilikuwa bibi ambaye hakumwona kamwe. Huenda Ngwali na Vuai hawakupata kuwa wawili. Huenda ni mtu mmoja tu anayetumwa juu, kizazi hadi kizazi, na ndimu moja.

"Basi kama unajua, nipe mirunda," alisema. "Sitaki kitu kingine. Sitamwambia mtu. Nipe miti kumi na miwili nimtoe mama yangu."

Bwana Faki aliinuka kitini. Ngwali hakupata kumwona mtu huyu akiinuka. Mguu mmoja ulikuwa umedhoofu kwa kukaa miaka yote ameuelemea mwenziwe. Alikunja mkeka ulio mbele ya kiti, akainua ubao, akamwonyesha chini. Kulikuwa na ghala jembamba, ukuta kwa ukuta na chumba cha Bi Kazija, na ndani ya ghala mirunda ilisimama wima gizani, bega kwa bega, imepakwa chokaa mkono juu ya mkono mpaka ikanenepa. Mitatu ilikuwa imepasuka na kufungwa kamba.

"Kumi na miwili," Faki alisema. "Hesabu mwenyewe. Hakuna mingine, na haijapata kuwapo mingine. Chomoa mmoja tu, Ukumbi unashuka. Na chini ya Ukumbi kalala nani?"

Ngwali alihesabu. Alihesabu mara mbili, kipumbavu, kana kwamba wa kumi na tatu angejitokeza kwa aibu.

"Mngeanza mapema," alisema. "Mngefukua msingi mapema, kidogo kidogo, chumba kwa chumba."

"Ndivyo alivyosema baba yako. Naye aliyenitangulia kwenye kiti hiki aliambiwa hivyo na babu yako. Nitajie mkono wa chokaa, Ngwali. Lini ilikuwa bado mapema?"

Ubao ulirudishwa, mkeka ukakunjuliwa. Kutoka chini ulikuja mlio mdogo wa mti unaojinyoosha, na Faki akafumba macho mpaka ukapita.

"Hata mimi nausikia," alisema. "Kila siku."

"Pima maji ni za nini basi?"

"Watu walale."

"Mama yangu halali. Anajiona mgonjwa. Mikono arubaini ya chokaa anakunywa dawa ya kizunguzungu, na kichwa chake ni kizima kuliko vyetu."

Bwana Faki alirudi kitini akakaa. Alionekana mzee tu, na kiti kilionekana kiti. "Hilo sikulijua," alisema. "Mpe pole yangu."

Ngwali alishuka. Mtu akishuka ngazi na jambo limekwisha kushindikana, miguu yake huwa myepesi, sijui kwa nini. Mirunda haipo. Mlango hautoki. Mama yake hatatoka. Aliyaweka hayo chini moja baada ya jingine, ngazi kwa ngazi, akalia kidogo, akafuta kamasi kwa kiganja. Alipofika katikati akaona kwamba kuna kitu kimoja bado kiko mikononi mwake, kimoja tu, na hakihitaji ruhusa ya mtu. Alikuwa na jibu la swali la mama yake. Hawezi kumpa mlango, lakini anaweza kumpa kichwa chake. Afe akijua alikuwa mzima. Ni kitu kidogo? Mimi sioni kitu kikubwa kuliko hicho alichobaki nacho.

Pale ngazini mtu alikuwa ameacha kikombe cha chai, robo tatu, kimepoa. Ngwali alipiga magoti mbele yake. Alichomoa pima maji yake, akaivunja lakiri kwa kucha, akalegeza skrubu, akaishika usawa wa uso wa chai kwa jicho moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakileta kiputo mahali kilipotaka kuwa. Akakaza skrubu. Lakiri hakuwa nayo, aliimaliza asubuhi.

Korido ya chini ilinuka chokaa mbichi. Wapaka chokaa walikuwa mlango wa jirani. Pandu alikuwa bado amechuchumaa pale alipomwacha, anamzungumzisha bibi asiogope.

"Mama."

"Vuai?"

"Ni mimi, Ngwali."

"Umepata mirunda?"

"Hakuna mirunda, mama."

"Basi hakuna," alisema, kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani.

"Lakini nina jibu. Lile swali lako." Aliuweka mdomo ndani kabisa ya ufa, mpaka vumbi likamwingia. "Ni sakafu. Si wewe. Haijapata kuwa wewe. Nyumba inazama pembe ya mashariki, na wewe ulikuwa unaisikia kwa miguu yako. Huna ugonjwa wowote."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi."

"Asubuhi umesema ni umri."

"Nilikudanganya."

"Na sasa?"

"Sasa sikudanganyi."

"Nitajuaje?"

Lilikuwa swali la haki, na alikuwa amelijia tayari. Aliipitisha pima maji ufani. Akasikia mama yake akiipokea, akiisogeza kwenye ule utepe wa mwanga wa dirishani, akiigeuza. Mke wa Mnyooshaji, mama wa Mnyooshaji. Alijua pa kutazama kwanza.

"Lakiri iko wapi?"

"Nimeivunja. Nimeiweka sawa kwa maji yaliyotulia. Ilaze chini, mama, uone kiputo kinavyokimbia."

"Kitaachaje kukimbia, na umeshaichokonoa?" Sauti ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lilimchoma. "Mwanangu, unaharibu chombo cha kazi ili mama yako afurahi. Baba yako angekuona angesemaje?"

"Ndimu je? Mbona ndimu zote zinakwenda upande mmoja?"

"Mkono wangu unatetemekea upande mmoja."

Pandu alikuwa akisikiliza, na roho yake nzuri haikuweza kuvumilia. "Bi Kazija, shika yangu basi," alisema. "Ya leo leo, na lakiri yake." Ngwali aligeuka amzuie, lakini mkono wa seremala ulikuwa umeshaingia ufani na kutoka mtupu. Ubao uligusa kigae. Kigae kiliitika kwa ile sauti ya mtungi.

"Katikati," alisema Bi Kazija.

"Mama, hiyo nimeipinda mimi. Zote nazipinda. Ndiyo kazi yangu, ndiyo kazi yetu."

"Yenu na nani?"

Ndoo iliburutwa, ikasimama. Ilibaki hatua sita.

"Ngwali, nisikilize. Ingekuwa ni sakafu, baba yako angeniambia. Nimelala naye kitanda kimoja mikono arubaini ya chokaa. Nikishtuka usingizini naona naporomoka, alikuwa ananishika bega hivi, ananiambia lala, Kazija, ni kichwa chako hicho, mimi niko hapa. Mpaka nalala. Mtu anamfanyia hivyo mkewe, naye anajua?"

Ngwali alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, moja tu, fupi, na alikuwa amelisikia Ukumbini dakika chache zilizopita kinywani mwa Bwana Faki. Alijua. Lakini neno hilo lisingepita ufani peke yake. Lingepita na ule mkono begani, na kitanda, na mikono arubaini ya chokaa, na kila usiku aliolala kwa sababu aliambiwa alale. Angempa kichwa chake na kumnyang'anya mumewe, humo ndani, peke yake, hana pa kwenda. Alivitazama vidole vyake vilivyoshika ukingo wa ufa. Vilikuwa vya Vuai, mpaka kovu la bisibisi.

"Pengine hakujua," alisema.

Na Bi Kazija akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mlango ugome, kicheko cha msichana, mpaka kikamletea kikohozi.

"Vuai? Vuai asijue sakafu?" Akapumua. "Haya, umejijibu mwenyewe. Ni kichwa changu tu, baba, na wala sikulaumu. Asante kwa kunibembeleza. Umefanana naye hata kwa hilo."

"Samahani, fundi." Mmoja wa wapaka chokaa alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi, kijana wa heshima aliyesubiri mazungumzo yaishe. "Tumefika hapa. Tundu la kupitishia sahani tutakuachia, sisi si wanyama."

Ngwali alisogea. Pandu alisogea. Kijana alitupia lipu ya kwanza chini, akaisawazisha kwa mwiko, akapanda juu kidogo, akaliacha tundu la sahani, akaendelea. Alikuwa fundi mzuri. Alipomaliza upande wa juu, kabla hajachovya brashi kwenye chokaa, kijiko kilisikika mle ndani kikigonga mdomo wa chupa.